Kumpiga Picha Ndege Angali Hewani na Kuipanga Fremu

Picha ya ndege anayeruka huamuliwa kabla hajakunjua mabawa, nayo huamuliwa na mahali ulipochagua kusimama. Ndege, hasa wakubwa, hupaa na kutua wakiukabili upepo. Kwa hiyo upepo ukivuma kutoka mgongoni mwako, nalo jua likiwa upande huohuo, watakujia wakiwa wameangazwa macho na vifua. Upepo ukikupiga usoni, hata lenzi bora kuliko zote itakurudisha nyumbani na picha za mikia. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza majani yanainamia wapi, kisha ndipo niitoe kamera mkobani. Jua likiwa chini, asubuhi au jioni, mwanga wake hufika hadi chini ya mabawa, mahali ambapo adhuhuri hubaki kivuli kizito.

Mipangilio ya kamera haihitaji maneno mengi. Anza na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie, ya 1/2000 ya sekunde. Kwa ndege wapigao mabawa polepole, kama korongo na mwari, 1/1000 mara nyingi hutosha, ilhali mbayuwayu hudai 1/3200 au zaidi. Tundu la lenzi, yaani uwazi upitishao mwanga, liwe kati ya f/5.6 na f/8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande kadiri inavyolazimu, kwa kuwa chengachenga, yaani vidoadoa ambavyo ISO kubwa huleta kwenye picha, hupunguzwa baadaye kwa programu, lakini bawa lililofifia kwa mwendo halirudi. Tumia fokasi endelevu, ile inayoendelea kumlenga ndege anaposogea, pamoja na upigaji wa mfululizo, yaani picha nyingi kwa kukishikilia kitufe. Kumbuka pia kwamba anga angavu huidanganya kamera, ndege akatoka mweusi kama kivuli: ongeza mwanga wa picha kwa hatua moja hivi, yaani kama mara mbili, na ufanye kinyume chake kwa ndege mweupe anayepita mbele ya miti yenye giza.

Mkamate ndege kwenye fremu angali mbali, mfuate kwa kuzungusha kiuno huku viwiko vikiwa vimebana mbavu, wala usisimamishe kamera unapobonyeza kitufe. Endelea naye hata baada ya picha ya mwisho. Shakwe na njiwa ni walimu wazuri wa zoezi hili, kwani hupita tena na tena kwenye njia ileile.

Fremu ndiyo inayonishughulisha zaidi. Mwachie ndege nafasi kubwa mbele ya mdomo wake kuliko nyuma ya mkia, ili mtazamaji aione anga anayoiendea. Ukimbana ukingoni, ataonekana kama aliyegonga ukuta. Usimjaze kwenye fremu yote, maana bawa likinyooshwa ghafla ncha yake itakatwa, na hakuna programu itakayoirudisha kwa uaminifu. Ni heri kumpiga akiwa mdogo kidogo, kisha upunguze kingo baadaye. Katika mfululizo wa picha kumi, tafuta ile ambayo mabawa yamefika juu kabisa au chini kabisa, kwa sababu akipita ubavuni mwako na mabawa yamelala sawa na mwili, hubaki mstari tu. Jicho la ndege lazima liwe kali, yaani lionekane wazi bila ukungu. Lisipokuwa kali, picha hiyo mimi huifuta, hata kama mabawa yamependeza namna gani. Wakiwa kundi, ngoja waachane, kwani miili inayopishana huwa kama ndege mmoja mwenye vichwa viwili. Anga tupu hurahisisha fokasi, lakini vilima au maji yaliyo mbali nyuma ya ndege huipa picha mahali pake, na hapo hakikisha upeo wa macho haukati shingo ya ndege.

Kamwe usimtishe ndege ili aruke, hasa karibu na kiota, kwani mayai na makinda huachwa bila ulinzi. Mngojee. Ndege wengi kabla ya kupaa hugeukia upepo, huinama mbele na kukunja miguu, na mara nyingi hujisaidia. Uonapo hayo, kidole kiwe tayari juu ya kitufe.