Kutafsiri riwaya za Kijerumani za leo kwa Kiingereza: pitia kwanza Kiswahili

Natafsiri riwaya za Kijerumani za siku hizi kwenda Kiingereza, na lugha inayonifaa kuliko zote ni ile isiyoonekana popote kwenye kazi ikikamilika: Kiswahili. Nawe ukiwa Mswahili unayeanza kazi hii, itumie.

Soma kitabu chote kwanza, usiguse kalamu. Ukirudia, pigia mstari vijineno: doch, ja, mal, eben, halt. Kamusi itakupa maana nyingi na hakuna itakayokaa sawa. Jiulize mtu wa nyumbani kwenu angesemaje. "Das weißt du doch" ni "si unajua." "Komm mal" ni "hebu njoo." "Dann geh halt" ni "haya, nenda basi." Ukishaisikia "hebu," unajua amri imelainishwa, ndipo utafute Kiingereza chenye ulaini huo. Mara nyingi hutahitaji neno lolote. Mpangilio wa sentensi unatosha. Ukitafuta neno la Kiingereza kwa kila kijineno, wahusika wataanza kuongea kama watu wenye kigugumizi.

Du ("wewe" wa watu wa karibu) na Sie ("wewe" wa heshima) ndiyo iliyonitesa zaidi. Kiingereza hakina tofauti hiyo. Kiswahili nacho humwita kila mtu "wewe," lakini heshima yetu tumeihamishia kwenye namna ya kuitana: mzee, dada, bwana, mama fulani. Hapo ndipo nilipopata njia. Katika riwaya moja, wafanyakazi wenza wawili walivuka kutoka Sie hadi du wakiwa kwenye ngazi, bila yeyote kulitaja jambo hilo. Nilirudi nyuma kurasa hamsini nikahakikisha wanaitana kwa majina ya ukoo tu, kisha pale kwenye ngazi, kwa mara ya kwanza, mwanamume akamwita mwenzake kwa jina lake la kwanza. Nilimwandikia mwandishi kuomba idhini, maana nilikuwa nimeongeza kitu.

Kisha kuna "sei," umbo la kitenzi "kuwa" linalotumika kuripoti maneno ya mtu mwingine. "Er sagte, er sei krank" (alisema yeye ni mgonjwa): maneno ni yake, msimulizi hayadhamini. Kiswahili kina "eti," ingawa eti ni kali zaidi kwa kuwa hudokeza shaka, na sei haina shaka. Tatizo la Kiingereza huja pale Mjerumani anapoendeleza hali hiyo ukurasa mzima kwa "alisema" moja tu. Ukiacha hivyo hivyo, kufikia sentensi ya tatu msomaji wa Kiingereza ataamini msimulizi mwenyewe ndiye anayethibitisha. Narudisha "he said" mwanzoni mwa aya na kwenye kila dai linaloweza kubishaniwa.

Kijerumani mara nyingi huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi. Kitenzi hicho cha mwisho kilinde. Ikiwa sentensi inaficha hadi mwisho kwamba barua ya baba haikusomwa bali ilichomwa, panga Kiingereza ili moto uje mwisho pia, hata kama utaikata sentensi mara mbili.

Angalia mwandishi anatoka wapi. Kwa Mjerumani, Sessel ni kiti cha starehe, chenye mito. Austria ni kiti cha kawaida tu. Niliwahi kumkalisha bibi mmoja wa Vienna jikoni kwenye kiti cha kifahari kwa sura mbili kabla sijashtuka, na umaskini wake wote ulikuwa umepotea. Uswisi, Estrich ni dari unayopanda kuhifadhi vitu. Ujerumani ni sakafu ya saruji.

Mwisho, haki. Kabla hujatafsiri zaidi ya kurasa ishirini za sampuli, uliza idara ya haki za nje ya mchapishaji wa Kijerumani kama haki za kukichapisha kitabu kwa Kiingereza bado hazijauzwa. Ukipata mchapishaji wa Kiingereza, mkumbushe mapema kuhusu ruzuku ya tafsiri ya Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, au ya Pro Helvetia, shirika la sanaa la Uswisi, kwa kitabu cha Uswisi. Ya Goethe-Institut huombwa na mchapishaji. Wewe mfasiri huwezi kuiomba mwenyewe.