Somo: Kutengeneza kiuatilifu cha mwarobaini, na nafasi ya mwani katika bustani na katika tiba

Ni vigumu kutembea nusu saa katika mitaa ya Dar es Salaam bila kupita chini ya mwarobaini. Matunda yake yakiiva hudondoka barabarani, yakakanyagwa na bodaboda na kufagiwa pamoja na takataka, ilhali mkulima wa mchicha wa bonde la jirani anahesabu noti dukani ili apate chupa ya kiuatilifu ambayo lebo yake hawezi kuisoma. Somo hili nimeliandaa kwa wanachama wa kikundi chetu cha bustani, na sehemu yake kubwa inahusu mbegu hizo zinazofagiwa.

Kabla ya kushika kinu, yafaa tuelewe kinachotafutwa. Mti wenyewe si dawa. Dawa ni kiambata kilichomo ndani yake, na kila kiambata kina tabia zake kuhusu joto, mwanga, maji na muda. Wataalamu walianza kuutazama mwarobaini kwa makini baada ya mwaka 1959, pale mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alipoona nchini Sudan kwamba nzige waliotua juu ya miti hiyo hawakuila. Kiambata kikuu, azadirakitini, kilitengwa mwaka 1968. Kiambata hiki humfanya mdudu asusie chakula, tena huvuruga homoni zinazomwezesha kiwavi kujivua gamba, kwa hiyo kiwavi hubaki amenasa katika umri mmoja hadi akafa. Ndiyo maana anayepulizia jioni na kwenda asubuhi kuhesabu maiti atasema dawa haifai. Subiri siku tatu au nne, kisha utazame kama majani mapya yanatobolewa.

Hatua ya kwanza ni kukusanya. Okota matunda yaliyokwisha kuwa ya njano, au kokwa safi zilizodondoshwa na ndege na popo, kwa kuwa hao wameshakusaidia kuondoa nyama ya tunda. Majani yana kiambata hiki pia, lakini kwa kiasi kidogo sana kuliko mbegu, kwa hiyo anayetumia majani atahitaji mzigo mkubwa kwa kazi ndogo.

Hatua ya pili ni kuosha na kukausha, na hapa ndipo wengi wetu huharibu. Menya nyama yote, osha kokwa, kisha zianike kivulini mahali penye upepo. Mara yangu ya kwanza nilizianika juu ya bati, mchana wa Januari, nikajivunia kwamba zimekauka upesi. Nikazifunga katika mfuko wa nailoni, nikaja kuufungua na kukuta ukungu wa kijani. Joto kali na mwanga wa jua hupunguza nguvu ya kiambata, na mfuko usiopumua huhifadhi unyevu. Tumia gunia au kikapu. Kokwa zilizoota ukungu zitupwe, kwani baadhi ya ukungu wa namna hiyo hutoa sumukuvu.

Hatua ya tatu ni kutwanga. Pasua kokwa upate viini, kisha pima nusu kilo ya viini kwa kila lita 10 za maji. Kama huna subira ya kupasua, twanga kokwa nzima, lakini upime takriban kilo moja, maana ganda linachukua karibu nusu ya uzito na halina faida kubwa. Twanga taratibu upate unga mnyevu unaofanana na karanga zilizosagwa, bila kufikia kiwango cha kutoa mafuta. Kinu na mchi viwe vya kazi hii tu, wala visirudi jikoni.

Hatua ya nne ni kuloweka. Funga unga katika kipande cha khanga kuukuu, uuzamishe katika ndoo ya maji ya kawaida yasiyo ya moto, ufunike na kuuacha usiku kucha, saa 12 hivi. Kesho yake kamua kitambaa kwa nguvu, kisha uchuje maji ili yasizibe mdomo wa bomba.

Hatua ya tano ni kuongeza sabuni kidogo, kipande cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa, ili dawa ishike kwenye jani badala ya kuteleza. Sabuni iongezwe wakati wa kupulizia tu, kwa sababu asili yake ya alkali humaliza nguvu ya azadirakitini ikikaa nayo muda mrefu. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri kuchanganya na majivu, ingawa najua wazee wetu wengi wanayapenda.

Hatua ya sita ni kupulizia. Jaribu kwanza kwenye mashina machache, utazame kwa siku mbili kama majani yanaungua. Kisha pulizia jioni, jua likiwa limepoa na nyuki wamerudi, ukielekeza bomba chini ya majani, walikojificha vidukari na inzi weupe. Rudia kila baada ya siku saba, au mapema zaidi mvua ikinyesha. Kuvuna kusubiri siku chache, na mboga zioshwe vizuri, maana uchungu wake haufichiki mezani.

Sasa mwani. Zanzibar imelima mwani kibiashara tangu mwaka 1989, na kazi hiyo hufanywa zaidi na wanawake. Upande wa Bara unalimwa pia katika maeneo ya pwani kama Bagamoyo na Mafia. Kinachotafutwa na wanunuzi ni karajini, uteute unaotumika kugandisha vyakula na dawa ya meno. Mtu asitarajie kwamba maji ya mwani yataua viwavi. Faida yake bustanini ni ya namna nyingine: sukari ndefu za mwani huufanya mmea uamini kwamba umeshambuliwa, ukaamsha ulinzi wake mapema. Huko Ulaya, laminarini ya mwani wa kahawia huuzwa kwa kazi hiyo hiyo. Katika tiba, alijineti ya mwani wa kahawia hutengenezewa vitambaa vya kufungia vidonda vyenye majimaji mengi. Mfano unaonipendeza zaidi ni wa Japani, ambako mwani mwekundu uitwao Digenea simplex ulitumika tangu zamani kutoa minyoo ya tumbo. Mwaka 1953 kiambata chake, asidi ya kaini, kilitengwa, na baadaye ikaonekana kwamba huchochea neva kwa ukali kiasi cha kuziua. Kilichomfukuza mnyoo na kilichodhuru neva ni kitu kimoja, na tofauti ilikuwa kipimo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mbagala: Shikamoo mwalimu. Mimi huchemsha majani ya mwarobaini kwa saa nzima ili nguvu yote itoke. Je, nakosea?

Jibu: Marahaba. Uchungu unatoka, lakini uchungu si kipimo cha nguvu, na moto unakipunguza kile unachokitafuta. Hata katika tiba jambo hili limewahi kuamua mengi. Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea uitwao pakanga ya Kichina, alisoma maandishi ya kale yaliyoagiza kuiloweka na kuikamua, yasitaje kuichemsha. Akatumia kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, na artemisinini ikapatikana.

Mwanachama wa Kigamboni: Mwalimu, nyanya zangu zimeingiliwa na kantangaze, yule nondo mharibifu wa nyanya. Maji haya yatatosha?

Jibu: Peke yake, hapana. Kiwavi wa kantangaze huishi ndani ya jani na ndani ya tunda, na dawa ya kupulizia humfikia kwa shida. Anza miche ikiwa midogo, ondoa na fukia majani yenye michoro, tega mitego ya nondo, na upulizie viwavi wakiwa ndio kwanza wameanguliwa. Zikishashambuliwa sana, mwite afisa ugani wa kata.

Mwanachama wa Mbezi: Nimesikia mmea wa utupa unaua wadudu haraka kuliko mwarobaini. Kwa nini hukuufundisha? Na pareto je?

Jibu: Sikuufundisha kwa makusudi. Rotenoni iliyomo ndani ya utupa huzuia seli kupata nishati, na samaki hufa kwa kiasi kidogo sana. Bustani zetu nyingi ziko kando ya mito na mabwawa ya sato. Pareto ya Iringa na Mbeya ni nzuri, huangusha mdudu papo hapo, ila huisha upesi juani na huwadhuru samaki na nyuki. Viambata vyake haviyeyuki vizuri katika maji, hivyo nunua iliyokwisha tengenezwa na kusajiliwa.

Mwanachama wa Tandika: Samahani mwalimu, mjukuu wangu ana homa. Je, naweza kumpa vijiko viwili vya maji haya, kwa kuwa mti wenyewe unatibu maradhi arobaini?

Jibu: Tafadhali usimpe, mama. Maji haya ni mazito, tena yana sabuni. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwasababishia watoto wachanga degedege na madhara ya ubongo. Mpeleke akapimwe malaria leo hii. Hata chai ya pakanga ya Kichina, Shirika la Afya Duniani haliipendekezi, kwa kuwa kiasi cha dawa katika kila kikombe hakijulikani.

Mwanachama wa Tegeta: Makapi yanayobaki kwenye kitambaa tuyatupe wapi?

Jibu: Usiyatupe. Yachanganye na udongo wa tuta wiki moja kabla ya kupandikiza miche. Yanaongeza mbolea na kupunguza minyoo fundo kwenye mizizi ya bamia na nyanya. Maji yaliyobaki ndooni usiyaweke hadi kesho kutwa; yamwagie shinani jioni ile ile.