SOMO: Mtindi wa nyumbani wenye bakteria hai

Wadau, wiki hii nimeulizwa mara tano kwa nini mtindi wa mtu haukuganda. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Mbegu ni mtindi usio na sukari, ambao haukuchemshwa baada ya kuganda. Ndani yake wamo Lactobacillus bulgaricus na Streptococcus thermophilus, bakteria wanaogeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Hao ndio mtindi wenyewe.

1. Suuza vyombo kwa maji ya moto.

2. Chemsha lita moja ya maziwa, yakipanda punguza moto, koroga dakika kumi.

3. Poza mpaka nyuzi 42 hadi 45. Tafadhali, hapa tulia. Niliwahi kutia mbegu kwenye lita tano zilizotoka kuepuliwa, nina haraka ya kulala. Asubuhi nafunua: maziwa membamba, utando wa malai juu, chembe nyeupe chini. Nilikuwa nimewapika bakteria wote. Kama huna kipimajoto, chovya kidole kilichooshwa vizuri uhesabu mpaka kumi. Ukishindwa kufika kumi, bado ni moto. Usiache pia yapoe kabisa, maana bakteria watazubaa na vijidudu vingine vitapata nafasi.

4. Vijiko vitatu vya mbegu, koroga na maziwa kidogo kikombeni, rudisha sufuriani.

5. Mimina kwenye hotpoti, funika. Masaa sita hadi nane, usitikise.

6. Weka kwenye friji.

MASWALI

Mdau: Mimi nikitia mbegu maziwa yakiwa yanachemka kuna shida?
Jibu: Soma hatua ya 3.

Mdau: Unatibu vidonda vya tumbo? Nataka kuacha dawa.
Jibu: Usiache dawa. Sijaandika popote kwamba mtindi unatibu vidonda. Na mtoto akiharisha, mpe ORS na zinki, umpeleke kituo cha afya.

Mdau: Mume wangu maziwa freshi yanamsokota tumbo, mtindi anakunywa bila shida. Kwa nini?
Jibu: Swali zuri sana. Watu wazima wengi hupungukiwa kimeng'enya cha laktasi, hivyo sukari ya maziwa inafika utumbo mpana haijameng'enywa, inaleta gesi. Bakteria wa mtindi wameshakula sehemu ya sukari hiyo, na wakifika tumboni wakiwa hai wanasaidia kumeng'enya iliyobaki. Ukiupasha mpaka uchemke, msaada huo unaupoteza.

Mdau: Na ule mtindi wa Fiti wa Mwanza?
Jibu: Huo akina mama wa Mabatini waliuongezea bakteria mwingine, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada. Mbegu ya kawaida haina huyo.

Mdau: Maji ya njano yanayojitenga juu namwaga?
Jibu: Usimwage, koroga tu. Yana protini.

Mdau: Mimi hayo nalowekea kuku usiku kucha na tangawizi, nyama inalainika.
Jibu: Hiyo naijaribu Jumapili. Chumvi unatia lini?