Kozi za onlaini kwa wanasihi na wataalamu wa afya ya akili Mwanza: jinsi ya kuchagua, kulipia na kuzitumia

Jamani wenzangu mnaokaa na watu kwenye shida zao kila siku, iwe we ni mwanasaikolojia, nesi wa afya ya akili, daktari, mnasihi au afisa ustawi wa jamii, hii ni kwa ajili yenu. Kozi za onlaini zimejaa mpaka basi, matangazo kila kona, cheti ndani ya masaa mawili, na watu wanatoa hela zao kwa vitu ambavyo wakati wa kuhuisha leseni havihesabiki, na kibaya zaidi vitu ambavyo mteja wa Igoma au Kirumba havimsaidii chochote. Hela inauma ila mimi kinachoniuma zaidi ni huyo mteja.

Anza na baraza lako, usianze na tangazo. Manesi wana Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, madaktari na kada shirikishi wako chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika kwa sheria ya mwaka 2017, na kila baraza ndo linaamua kozi gani ina pointi za CPD, yaani mafunzo endelevu ya kitaaluma, na ngapi. Kwahiyo kabla hujalipa hata shilingi chukua jina la kozi, anayeitoa, idadi ya masaa na silabasi yake, tuma kwa baraza, andika kifupi tu: "Habari za kazi. Naomba kujua kama kozi hii inakubalika kwa pointi za CPD na nahitaji vielelezo gani nikiimaliza." Tuma kwa imeili ili jibu libaki kwenye maandishi, ya simu yanapotea na aliyekujibu kesho hayupo kwenye ile meza. Jibu likija lihifadhi pamoja na cheti.

Sasa hapa ndo wengi wanachanganywa. Utaona kozi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba imepitishwa na APA, unafikiri hiyo ni dunia nzima. Ile APA, yaani chama cha wanasaikolojia wa Marekani, haipitishi kozi mojamoja, inaidhinisha mtoaji wa mafunzo, na inafanya hivyo kwa ajili ya wanasaikolojia wa kwao ambao leseni zao zinatolewa na majimbo. Wanasihi wa kule wana utaratibu wa NBCC, bodi inayotoa vyeti vya wanasihi, na watu wa ustawi wa jamii wana wa ASWB, umoja wa bodi zao za leseni. Mfano California, mtu wa tiba ya ndoa na familia anatakiwa masaa 36 kila anapohuisha leseni, ambayo ni kila miaka miwili, na 6 kati ya hayo lazima yawe ya sheria na maadili. Ndo maana kozi zao zimekatwa vipande vya saa moja, masaa matatu, masaa sita, zinawafuata wateja wao wa kule. Uingereza nako ni tofauti kabisa, HCPC, baraza linalosajili wanasaikolojia na wataalamu wengine wa afya wa kule, haihesabu masaa wala pointi, inachagua asilimia 2.5 ya wanataaluma wa kila fani inapofika zamu yao ya kuhuisha usajili na kuwaambia waonyeshe walichojifunza na kimemsaidia vipi mteja. Mimi huo wa Uingereza naupenda kweli, nitaurudia huko chini.

Muhuri wa APA sio mbaya, unakuambia mtoaji amekaguliwa na mtu. Ila kwa baraza lako ni kielelezo tu.

Kozi gani uanze nayo? Mi nasema angalia faili zako za miezi michache iliyopita, usiangalie kinachovuma. Ukiona asilimia kubwa ni pombe, msiba, ukatili wa nyumbani, mama aliyejifungua hana raha, kijana anayeishi na VVU kaacha dawa, basi hapo ndo pa kusomea. Huku kando ya ziwa tuna pia vifo vya majini, familia zilizopoteza watu kwenye MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere kule Ukara mwaka 2018 bado zipo, na wavuvi wanaopotelea ziwani bila mwili kupatikana ni jambo la kawaida, sasa huzuni ya msiba usio na kaburi ina namna yake ya kushughulikiwa na kuna mafunzo yake kabisa, lakini sioni watu wakiyatafuta, wanakimbilia yale yenye jina kubwa.

Za bure zipo na ni nzuri, usidharau kwa sababu hazina bei. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wana jukwaa lao la mafunzo la WHO Academy, kozi nyingi hulipii. Wana mafunzo ya QualityRights kuhusu haki za watu wenye changamoto ya afya ya akili, unasoma kwa muda wako na unapata cheti. Wana mwongozo wa mhGAP wa kutibu matatizo ya afya ya akili, toleo la pili lilitoka 2016, umetengenezwa kwa ajili ya vituo visivyo na daktari bingwa wa akili, yaani vituo kama vyetu vingi vya visiwani. Alafu kuna Problem Management Plus, msaada mfupi wa kisaikolojia wa WHO, vikao vitano vya dakika 90 kila wiki, unamfundisha mtu kutuliza mwili kwa kupumua, kushughulikia tatizo moja baada ya jingine, kurudi kwenye shughuli zake na kuimarisha watu wake wa karibu. Hiyo imefanyiwa utafiti Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, sio huko mbali tu, na mwongozo wake unapakua bure. Ukitaka mfano mwingine wa Afrika soma kuhusu Friendship Bench ya Zimbabwe, aliianzisha daktari wa akili Dixon Chibanda Harare mwaka 2006, wanaotoa huduma ni bibi wa mtaani waliofundishwa wanaokaa na mtu kwenye benchi, na matokeo ya utafiti wake yalichapishwa kwenye jarida la kitabibu la JAMA mwaka 2016. Kama uko hospitali au chuo kilichosajiliwa Hinari, mpango wa WHO wa kufungulia nchi zenye kipato kidogo majarida, basi una mlango wa majarida ya kitabibu ambayo mtu binafsi angelipia dola nyingi, nenda maktaba uombe neno la siri, watu wengi wanapita nje ya hiyo maktaba kila siku.

Kuwa makini na kozi zinazouza ufundi mzito kwa video fupi. EMDR kwa mfano, tiba ya kiwewe inayotumia mizunguko ya macho, mafunzo ya msingi yanayotambuliwa na chama chao cha kimataifa, EMDRIA, yana masaa 20 ya nadharia, 20 ya mazoezi yenye usimamizi na 10 ya kujadili kesi na mshauri. Sasa mtu akikuuzia video ya masaa mawili na cheti cha "mtaalamu wa EMDR" muache, kwa sababu utafungua kidonda cha mtu na hutajua kukifunga. Ya masaa mawili ni ya kukutambulisha tu, isome kama utambulisho na usiiweke kwenye kibao cha ofisi.

Muda nao unaponza watu. Webina ya saa saba mchana New York huku kwetu ni saa mbili usiku, lakini wao wanabadilisha saa zao, wakirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba inakuwa saa tatu usiku mpaka katikati ya Machi huko. London tofauti ni masaa mawili kipindi chao cha joto na matatu kipindi cha baridi. Na ukiona imeandikwa 7 PM EAT, yaani saa za Afrika Mashariki, hiyo ni saa moja usiku yetu, weka kengele kwenye simu kwa saa ya simu usipige hesabu kichwani. Ni muhimu kwa sababu webina za moja kwa moja zinahesabu dakika ulizokaa, ukichelewa kuingia au mtandao ukakutoa cheti hakiji hata kama umelipa.

Kwahiyo panga bando na umeme mapema. Saa moja ya Zoom yenye video za watu wengi inaweza kula GB nzima na zaidi, ila ukizima kamera yako na kupunguza dirisha inashuka sana. Chaji laptopu na simu zote mbili, simu iwe tayari kuwa hotspoti, na kama uko Ukerewe au Ukara ambako mtandao unayumba chagua kozi za kurekodiwa zinazokuruhusu kupakua, nenda mjini siku una shughuli zako ukapakue zote kisha usome nyumbani. Ila angalia kwanza kama baraza linazihesabu sawa na za moja kwa moja, hata Marekani kuna majimbo yanayoweka kikomo kwa kozi za kujisomea.

Kulipa ni rahisi kuliko zamani, unatengeneza kadi ya mtandaoni kwenye M-Pesa na kuiwekea kiasi unachohitaji tu. Weka kiasi hichohicho na nyongeza kidogo ya ubadilishaji wa fedha, usiache salio, maana kozi nyingi zinakuanzishia usajili wa kila mwezi unaojilipa wenyewe. Coursera unaweza kuomba msaada wa ada, kuna fomu, andika ukweli wako vizuri na subiri. Wengine wana bei ya nchi zenye kipato cha chini lakini hawaitangazi, waandikie uwaulize.

Unapojisajili andika majina yako yote kama yalivyo kwenye leseni. Hili dogo linaleta usumbufu sana, cheti kinasema Neema J. na leseni ina majina matatu. Ukimaliza pakua PDF siku hiyohiyo, piga picha ya skrini ukurasa wa matokeo, tunza kwenye imeili na sehemu nyingine tena, na andika tarehe, masaa na jina la mtoaji.

Sasa kitu ninachokiona kikubwa kuliko vyote. Kozi ya nje imebeba sheria za nje, na ukiimeza nzima unaweza kumuumiza mtu. Kozi ya kuzuia kujiua ya Marekani itakuambia mpe mteja namba 988, simu yao ya msaada kwa mtu anayefikiria kujiua. Hapa haipo. Tena hapa kujaribu kujiua ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Kenya mahakama kuu yao ilishatamka mwaka 2025 kwamba kifungu chao kinakwenda kinyume na katiba, sisi bado kipo. Kwahiyo mtu anaogopa kukuambia ukweli kwa sababu anaogopa polisi, na hakuna slaidi ya kule itakayokufundisha jinsi ya kumuuliza mtu huyo kwa namna atakayojisikia salama kujibu, hilo ni lenu nyie mlioko hapa mkae mlijadili. Mtoto akiwa hatarini una namba 116, simu ya msaada kwa watoto, una ustawi wa jamii wa wilaya, una dawati la jinsia na watoto polisi. Usiri nao tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ukitoa kesi kwenye webina badilisha kila kitu, kijiji, kazi, idadi ya watoto, kwa sababu kisiwa kidogo ukisema tu "mama muuza dagaa mwenye mapacha" watu wameshamjua.

Nachofanya mimi kwenye kila somo ni kugawa daftari katikati, kushoto naandika wanachosema, kulia naandika hapa kwetu inakuwaje, nani nimpigie, familia ya mteja itakaaje kwenye hili. Upande wa kulia ukibaki mtupu somo halijaisha.

Na tafuta wenzako watatu au wanne, mkutane mara moja kwa mwezi Bugando, Nyegezi au popote penye kivuli na utulivu, mmoja awe mteja, mwingine mnasihi, wengine waangalie. WHO na UNICEF wana zana za bure zinaitwa EQUIP za kupima ufanisi kwa maigizo ya namna hiyo, zinakuonyesha cha kuangalia, kama mtu anasikiliza, kama anauliza kuhusu usalama, kama anahukumu. Hapo ndo unaandika ule ukurasa mmoja wa mtindo wa HCPC, nilijifunza nini, nimebadilisha nini, mteja amepata nini, na unauambatanisha na cheti hata kama baraza halijauomba.

Baraza likikataa kozi yako usinyamaze, omba sababu kwa maandishi, peleka silabasi, masaa, majibu ya mtihani, lile jibu lao la imeili na huo ukurasa wako, na fanya hivyo leseni ikiwa bado ina miezi mbele yake.