Namna ya kumpasua nyungunyungu darasani bila kuharibu viungo vya ndani

Mwalimu mwenzangu, katika miaka ninayofundisha Bayolojia hapa Rungwe nimeona somo hili likiharibikia mahali pamoja, nalo ni mkato wa kwanza, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Hatua ya 1. Msimu wa mvua, nyungunyungu hupatikana kwa urahisi chini ya migomba. Kiangazi huzama chini sana, na hapo uchimbe pale yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Chagua wakubwa wenye mshipi mnene mwilini, maana hao wamekomaa. Mmoja anatosha kwa wanafunzi wanne.

Hatua ya 2. Kabla ya kumuua, mweke juu ya karatasi kavu, darasa linyamaze. Mtasikia mkwaruzo mdogo wa vinyweleo vya tumboni. Kisha mweke katika mchanganyiko wa kipimo kimoja cha spiriti kwa vipimo tisa vya maji, na usimtoe mpaka asishtuke kabisa anapoguswa.

Hatua ya 3. Mlaze kwenye sahani ya bati iliyomwagiwa nta ya mishumaa, upande wenye rangi nzito ukiwa juu. Kichwa ni ile ncha iliyo karibu na mshipi. Bana ncha zote mbili kwa pini.

Hatua ya 4. Anza kukata nyuma kidogo ya mshipi kuelekea kichwani, pembeni mwa mstari mweusi wa mgongoni, kwa kuwa mstari huo ni mshipa wa damu. Ncha ya mkasi iinuliwe juu muda wote, kiasi kwamba unaiona ikisukuma ngozi kutoka ndani, kwa sababu utumbo uko papo hapo chini yake. Ukiona tope jeusi linatoka, umeutoboa. Simama, suuza kwa maji, kisha uendelee bila kuzamisha ncha ya mkasi kama mwanzo. Mwanafunzi mwenye haraka asishike mkasi, apewe pini.

Hatua ya 5. Ngozi haitafunguka yenyewe, kwani kila pingili ina ukuta mwembamba unaoishikilia. Kata kuta hizo kwa ncha ya wembe, tandaza ngozi na uibane kwa pini zilizolala pembeni, kisha mimina maji hadi yamfunike ili viungo vielee na kuachana.

Hatua ya 6. Vitabu vingi humchora Lumbricus terrestris wa Ulaya, mwenye jozi 5 za mioyo kuanzia pingili ya 7 hadi ya 11. Wa migombani kwetu anaweza kuwa wa jamii nyingine, kwa hiyo ninasisitiza kwamba mwanafunzi achore anachokiona, hata kama hakilingani na kitabu. Vifuko vyeupe vinavyofunika umio ni vya mbegu za kiume. Visogeze polepole, mioyo iko chini yake. Ipasue firigisi mwishoni, mguse chembe za mchanga zinazosaga chakula, kisha inua utumbo muone uzi mweupe wa neva uliolala sakafuni mwa mwili.