Somo: Maji ya Mwarobaini ya Kumwogeshea Mwenye Upele

Katika vijiji vya pwani, kuanzia Tanga hadi Kilifi, mwarobaini hupandwa uani kwa ajili ya kivuli na dawa, na jina lake latokana na imani kwamba hutibu maradhi arobaini. Hayo thelathini na tisa tuyaache. Somo hili lahusu kumwogesha mwenye upele au tetekuwanga ili mwasho upungue.

Kwanza, hakikisha mti wenyewe. Melia hufanana nao, na matunda yake ni sumu. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande zote mbili, ilhali kikonyo cha melia hutoa vikonyo vingine vidogo ndipo vijani vifuate. Asiyeweza kutofautisha asichume, bali amwulize mzee anayeujua.

Pili, chuma majani yaliyokomaa kutoka matawi mbalimbali, mbali na vumbi la barabara, uyaoshe, kisha utie konzi nne katika lita 5 za maji. Chemsha kwa robo saa, epua, funika hadi maji yawe vuguvugu, halafu chuja kwa kitambaa safi. Wengi huipuuza hatua hii, na vipande vya majani humkwaruza mgonjwa.

Tatu, jaribu maji hayo kwanza kwenye mkono wa mgonjwa. Ngozi isipowasha zaidi, mwogeshe bila kumsugua, ukikinga macho, na umwache akauke mwenyewe. Yanayobaki yamwagwe siku hiyo hiyo.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mama mkwe humnywesha mwanangu mchanga mafuta ya mwarobaini akipata homa. Je, ni sawa?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Si sawa hata kidogo. Mafuta hayo yamewahi kuwaletea watoto wachanga kutapika, degedege na hata kifo. Mweleze mama kwa heshima, lakini mtoto mpeleke zahanati akapimwe malaria.

Swali: Na mjamzito je, anaweza kunywa maji ya majani?

Jibu: Asinywe.

Swali: Majani makavu yanafaa?

Jibu: Yanafaa yakikaushwa kivulini, ingawa mimi huona mabichi ni bora kwa kuogea, makavu huyachanganya na mahindi ghalani ili kuzuia fukusi.