Kupiga picha kwaya au bendi hapa Moshi: anzia mazoezini

Aise kama umepata kazi ya kupiga picha za kwaya usisubiri siku yenyewe ndo ukutane nao. Nenda mazoezini kwanza, hata bila kamera, kaa nyuma usikilize, pale ndo utajua nani anaanzisha wimbo, besi wanasimama wapi, nani na nani hawaachani, alafu picha itafanana na wao wenyewe sio picha ya kumaliza darasa la saba.

Mwalimu wa kwaya muulize mapema kuhusu sare. Mashati meupe na ngozi zetu kwenye jua kali ni shida kweli, ukipima mwanga kwa shati sura zinakuwa giza, ukipima kwa sura shati linaungua, yaani linakuwa jeupe tupu. Watafutie kivuli cha mti kilicho sawasawa, pima usoni.

Wakitaka Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, nyuma yao muwe mmeshajipanga saa 12 na nusu asubuhi, maana ikifika saa 3 au 4 mawingu mara nyingi yameshafunika, na masika ya Machi mpaka Mei usimuahidi mtu mlima. Halafu mlima uko kaskazini mwa mji kwahiyo jua la asubuhi linawapiga ubavuni, huyu anamtupia mwenzake kivuli usoni, wageuze wote kidogo waelekee jua. Lenzi pana iache kwenye begi, inafanya mlima uwe kilima na wa pembeni wananenepa. Weka lenzi ndefu ya 85mm, rudi nyuma kabisa, mlima unakuja mkubwa. Wakiwa mistari mitatu weka tundu la lenzi f/8 ili wa mbele na wa nyuma wote watoke vizuri, fokasi mstari wa kati.

Bendi ya watu wanne usiwapange mstari, mmoja akae kwenye spika, mwingine asimame, vichwa visilingane.

Sasa kitu ninachokipenda kuliko vyote: waimbe kweli. Ukibonyeza katikati ya neno kila mdomo una lake, subiri ile sauti ndefu ya mwisho wa kiitikio, hapo wote wana "aaa" moja na wanamuangalia mwalimu, so mwalimu asimame begani kwako. Piga nyingi mfululizo, kuna macho yatafumba tu.

Na kabla hamjaachana piga picha ya kulala (kamera kwa upana) kwa ajili ya YouTube na ya kusimama (kwa urefu) kwa ajili ya status, zote uache nafasi juu ya vichwa, watahitaji kuandika jina la tamasha.